Kopo zima nalo lina habari zake

Mnunuzi wa Kiseke haingizwi mjini kirahisi. Akipewa kopo la samaki dukani analigeuza kwanza. Anasoma tarehe, anabonyeza kitako na mfuniko kwa kidole gumba kuona kama limevimba, anapitisha jicho kwenye maungio akitafuta kutu. Likiwa limebonyea ubavuni atalirudisha kwenye shelfu, au ataomba apunguziwe: "Mangi, hili limegongwa, nifanyie bei." Ukaguzi huo ni wa busara na umeokoa watu. Lakini kuna jambo ambalo hauwezi kuliona hata kidogo, nalo ni kemikali zinazotoka kwenye utando uliopakwa ndani ya kopo na kuingia kwenye chakula. Hazibadilishi rangi, harufu wala ladha. Zinaweza kuwemo kwenye kopo jipya lisilo na kovu sawasawa na kwenye lile lililogongwa, na sehemu kubwa ya safari yake imekwisha kabla kopo halijapakiwa melini.

Kiseke ni kata ya makazi ndani ya Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Kuna nyumba za uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF, kuna wapangaji, wafanyakazi na wanafunzi. Ziwa Victoria liko karibu, sato wa asubuhi anapatikana na dagaa wa Mwaloni Kirumba hawakosekani sokoni. Hata hivyo samaki wa kopo wapo madukani: sadini na vibua ndani ya mchuzi wa nyanya, wametoka ng'ambo. Sababu inaeleweka. Kopo halihitaji friji, umeme ukikatika haliharibiki, na mtu anayeshuka kwenye daladala saa mbili usiku hana nguvu ya kuparua magamba. Kando yake kuna maharage ya kopo, nyanya ya kopo, nanasi, tui la nazi, maziwa ya unga ya watoto, na Africafe ya Tanica kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa hilihili. Makopo haya hayana hatari sawa, na ni vizuri kuyatenganisha, maana hofu isiyochagua huwatesa watu bure.

Kuhifadhi chakula kwa njia hii kulianza Ulaya. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mwaka 1810 namna ya kufunga chakula kwenye chupa za kioo na kuzichemsha, na mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza Uingereza ya kutumia vyombo vya chuma kilichopakwa stani. Kwetu, baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika Packers ya Kawe ilisindika nyama ya ng'ombe kwenye makopo ya kuuza nje. Viwanja vyake vinaitwa hivyo hadi leo ingawa mashine zimenyamaza siku nyingi. Majirani zetu Kenya wana mananasi ya Thika, yanayofika mbali zaidi ya tunavyofikiri tukipita njiani na kuona mashamba yale.

Chuma na chakula haviivani. Nyanya, nanasi na siki zina asidi inayokula chuma. Samaki na nyama zina salfa inayokifanya kiwe cheusi. Stani husaidia, lakini nayo inayeyuka taratibu. Ndiyo maana viwanda vikaanza kupaka ndani ya kopo utando wa aina ya vanishi, ili chakula kisigusane na bati.

Chukua kopo la sadini lililokwisha, lioshe vizuri, kisha lielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mara nyingi utaona ndani yake rangi ya dhahabu iliyofifia, laini, inayong'aa kidogo. Makopo mengine, hasa ya nyanya na samaki, ni meupe kama bakuli la kauri. La nanasi linaweza kuwa halina utando wowote ubavuni: utaona stani yenyewe ya fedha yenye maua-maua, na pale juisi ilipokaa pamefifia na kuwa kijivu. Nanasi huachwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu stani hulinda rangi na ladha ya tunda. Utando wa dhahabu una unene wa mikromita chache tu, na kwa kawaida haufiki kumi. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya utando huo imekuwa resini ya epoksi, na malighafi kuu ya epoksi hiyo ni bisfenoli A.

Mkemia Mrusi Aleksandr Dianin ndiye aliyetajwa kwanza kuitengeneza bisfenoli A, mwaka 1891, na kwa muda haikuwa na kazi. Kisha mwaka 1936 daktari Edward Charles Dodds wa London, aliyekuwa akitafuta kemikali ya bei rahisi ya kuchukua nafasi ya homoni ya kike estrojeni, akaijaribu kwa panya. Ilifanya kazi ya estrojeni, ingawa kwa udhaifu. Dodds akaendelea kutafuta, na mwaka 1938 akapata nyingine yenye nguvu zaidi, diethilistilbestroli. Hiyo ndiyo waliyopewa wajawazito wengi Marekani na Ulaya kwa miaka mingi ili mimba zisitoke, hadi mwaka 1971 madaktari wa Boston walipogundua kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na akina mama hao walikuwa wakipata saratani adimu ya uke. Bisfenoli A haikuwahi kuwa dawa. Ilikwenda viwandani, ikawa plastiki ngumu na utando wa makopo. Watu walioipeleka huko walikuwa na uwezo wa kujua, tangu 1936, kwamba inaiga homoni. Jambo hili linanisumbua kuliko takwimu yoyote nitakayoitaja hapa.

Sasa tuingie kiwandani. Bati hupakwa utando, hupitishwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 200 hivi ili utando ukauke na molekuli zake zishikane. Lakini hazishikani zote. Zipo zinazobaki huru, zimenaswa tu ndani ya utando. Kopo linajazwa samaki, linafungwa, kisha linaingizwa kwenye chungu kikubwa cha mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 au karibu na hapo, kwa muda wa kutosha kuua bakteria hadi katikati ya kopo. Huko ndani kuna joto, maji, chumvi na mafuta kwa pamoja, na molekuli zile huru zinatoka kwenye utando na kuingia kwenye chakula.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lililopima jambo hili hatua kwa hatua. Walikuta kwamba asilimia 80 hadi 100 ya bisfenoli A iliyokuwemo kwenye utando ilikuwa imeshahamia kwenye chakula mara tu baada ya kopo kupikwa kiwandani. Walihifadhi makopo kwa miezi kadhaa, hadi tisa, kiwango hakikupanda. Wakayabonyeza kwa makusudi, hakikupanda. Wakayapasha moto, vivyo hivyo.

Matokeo hayo yanapindua tunavyolitazama kopo. Tumezoea kuamini kwamba kopo linaharibikia dukani: juani, kwenye gari lililotoka Dar es Salaam kwa siku mbili, kwenye rafu iliyo chini ya bati la paa linalochoma mchana kutwa. Kwa mambo mengine imani hiyo ni sahihi kabisa. Kwa bisfenoli A, sivyo. Muuza duka hana kosa na mnunuzi hana la kufanya akiwa amelishika mkononi. Kilichoamua ni mkataba kati ya kiwanda cha makopo na kiwanda cha samaki, pamoja na sheria ya nchi inayotuma na ya nchi inayopokea.

Je, kiasi kinachoingia ni kikubwa? Hapa wataalamu wenyewe wamegawanyika, na mgawanyiko wao unastahili kuelezwa kwa hesabu. Vyakula vya makopo vilivyofungwa kwa utando wa epoksi vimekuwa vikipimwa na kukutwa na bisfenoli A ya makumi ya mikrogramu kwa kila kilo. Tuchukulie mtu mzima wa kilo 60 amekula gramu 100 za samaki wa kopo wenye mikrogramu 30 kwa kilo. Amemeza mikrogramu 3. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliona kwamba mtu anaweza kupata mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake kila siku bila madhara. Kwa mtu wetu ni mikrogramu 240, kwa hiyo mlo ule ni sehemu ndogo mno. Mwezi Aprili 2023 mamlaka hiyohiyo, baada ya kupitia utafiti mpya hasa wa madhara kwenye seli za kinga za mwili, ilikishusha kiwango hicho mara 20,000, hadi nanogramu 0.2. Kwa kilo 60 ni nanogramu 12 kwa siku nzima. Mlo uleule sasa umevuka kiwango mara 250. Lakini taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, haikukubaliana na hesabu ya EFSA. Ikaweka nanogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, na kwa kipimo hicho mlo wetu ni robo tu ya kinachoruhusiwa. Nayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeendelea kusema kwamba kiwango kinachopatikana kwenye chakula ni salama.

Msomaji anaweza kuuliza amwamini nani. Mimi nasema hivi: hata ukimfuata Mjerumani, milo minne ya aina hiyo kwa siku inakufikisha mwisho wa kiwango, na mtoto wa kilo 15 anafika huko kwa gramu 100 tu. Hakuna hata mmoja kati ya wataalamu wa Ulaya waliobishana mwaka 2023 aliyerudi kwenye namba ya 2015. Wamebishana kuhusu umbali wa kushuka. Kushuka wameshuka wote.

Kwamba kemikali hii inatoka kwenye kopo hadi kwenye damu ya mtu, hilo halina ubishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu 75 waliokula bakuli moja la supu ya mboga ya kopo kila siku kwa siku tano, na siku nyingine tano supu isiyo ya kopo. Bisfenoli A kwenye mkojo wao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 katika siku za kopo. Korea Kusini, watu 60 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walipewa maziwa ya soya, mara kwenye chupa za kioo, mara kwenye makopo. Walipokunywa ya makopo, ndani ya saa mbili shinikizo lao la damu, ile namba ya juu, lilipanda kwa kama pointi 4 na nusu. Si pandisho la kumlaza mtu hospitali, lakini kwa mzee anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi si jambo la kupuuza.

Habari njema ni kwamba bisfenoli A haikai mwilini muda mrefu. Ini huishughulikia na nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Pale San Francisco, watafiti walizichukua familia tano, watu 20 kwa jumla, wakawalisha kwa siku tatu vyakula vibichi vilivyopikwa bila makopo na bila plastiki. Kiwango kwenye mkojo kilishuka kwa wastani wa asilimia 66. Ni siku tatu tu. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa na mboga za mgagani siku sita za wiki, kisha kopo moja Jumapili, yuko mahali tofauti kabisa na anayeishi kwa makopo bwenini au kwenye lindo la usiku. Hao wa pili ndio ninaowawazia ninapoandika: kijana mlinzi, dereva wa lori la kwenda Bunda na Sirari, mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja asiye na jiko la maana.

Samaki ndani ya mafuta wana kisa chao. Katikati ya miaka ya 1990, wakaguzi wa Ulaya walipima samaki wa mafuta kwenye makopo, dagaa wa bahari wale wadogo na sadini, wakakuta kemikali nyingine ya ukoo wa epoksi inayoitwa BADGE. Hii hupenda mafuta, na ilikuwa ikitumika kwenye utando wa aina ya PVC uliopakwa hasa kwenye vifuniko vya kufungulia kwa pete. Ulaya ikaweka mipaka, na kwa kanuni ya mwaka 2005 ikapiga marufuku kabisa ndugu zake wawili, BFDGE na NOGE, kwenye vitu vinavyogusa chakula. Kisa hiki kilimalizwa kwa sheria na kwa kupima, na viwanda vikabadilisha vanishi. Hakuna aliyekufa njaa kwa kukosa sadini.

Sasa nirudi kwenye ukaguzi wa mteja wa Kiseke, kwa sababu sitaki mtu aache kubonyeza kitako cha kopo. Kopo lililovimba linaweza kuwa na gesi ya bakteria waliosalia hai, na kati yao yupo Clostridium botulinum, anayetengeneza moja ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Bakteria huyu anapenda mahali pasipo hewa, na kopo lililopikwa vibaya ni nyumba yake. Hata mfuko wa plastiki unaweza kumfaa. Mwaka 1980 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha habari za mlipuko wa ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo nchini Kenya, uliotokana na kumbikumbi waliowekwa kwenye mfuko wa namna hiyo. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa tunaosubiri kumbikumbi kila mvua zinapoanza, jambo hilo liko karibu. Kubonyea kwenye maungio kunaweza kufungua tundu dogo lisiloonekana. Kwa hiyo kopo lililogongwa pale mshono ulipo liachwe, hata likipunguzwa bei.

Kutu na stani nazo zina kesi yao. Kiwango cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kinaruhusu miligramu 250 za stani kwa kilo ya chakula cha kopo na 150 kwa vinywaji. Juu ya hapo mtu anaweza kupata kichefuchefu, kutapika na tumbo kukatika. Kinachoharakisha ni hewa. Kopo la nanasi lililofunguliwa likaachwa wazi usiku kucha, juisi yake inakula stani kwa kasi kubwa kuliko ilivyokuwa limefungwa. Ndiyo sababu akina mama wa zamani walikuwa na msimamo usiotetereka kwamba chakula kikifunguliwa kihamishiwe kwenye bakuli. Walikuwa sahihi. Wala kopo lisiwekwe juu ya mkaa kupashwa, kama wanavyofanya walinzi na wanafunzi wengi. Utando umetengenezwa kuhimili mvuke wa nyuzi 121, na kaa la moto linavuka joto hilo mara kadhaa, utando ukaungua, na kinachotoka hapo hakikupimwa na kiwanda chochote.

Kahawa ya unga na maziwa ya unga ya watoto niyatoe kwenye kundi la hatari kubwa. Chakula kikavu hakipikwi ndani ya kopo kwa mvuke, na kemikali inahitaji maji au mafuta na joto ili isafiri. Mama anayemchanganyia mtoto maziwa ya kopo ana mambo mengine ya kuangalia kwanza, yaani maji yaliyochemshwa na chupa safi. Hata hivyo ni vyema ajue kwamba Ufaransa ilipiga marufuku bisfenoli A kwenye vifungashio vya chakula cha watoto wa chini ya miaka mitatu tangu Januari 2013, kisha kwenye vifungashio vyote vya chakula Januari 2015. Chupa za plastiki za kunyonyeshea zenye bisfenoli A ziliondolewa Ulaya mwaka 2011, Marekani mwaka 2012, na hapa Afrika, Afrika Kusini ilizipiga marufuku mwaka 2011.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuja Desemba 2024, Umoja wa Ulaya ulipopitisha Kanuni namba 2024/3190 inayokataza bisfenoli A kwenye vitu vinavyogusa chakula, ukiwemo utando wa makopo. Ilianza kufanya kazi Januari 20, 2025. Viwanda vingi vilipewa hadi Julai 20, 2026. Makopo ya mboga, matunda na samaki waliosindikwa yakapewa muda mrefu zaidi, hadi Januari 20, 2028, kwa sababu ndiyo magumu zaidi kuyapatia utando mbadala. Mbadala upo: poliesta, akriliki, na resini zinazotokana na mafuta ya mimea. Upo pia mbadala wa hila, bisfenoli S, unaofanana na A kiasi kwamba wataalamu wengi wanauwekea shaka ileile. Ulaya imeuona mtego huo, na kanuni yake inazigusa pia bisfenoli nyingine zilizotambuliwa kuwa na madhara ya namna hiyo.

Kwa wakazi wa ufukwe wa Victoria, jambo la kuangalia ni mahali yatakapokwenda makopo ya utando wa zamani. Kiwanda chenye mitambo miwili, mmoja wa soko la Ulaya na mwingine wa "masoko mengine", hakivunji sheria yoyote. Masoko mengine ni sisi.

Mwanza inaujua mchezo huu kutoka upande wa pili. Mwaka 1998 Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikazuia tena baada ya taarifa za uvuvi wa sumu ziwani. Viwanda vya minofu ya sangara vilisimama, wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa, na mji mzima ukaona. Matokeo yake yalikuwa ukaguzi wa mialo, barafu kwenye mitumbwi ya kukusanyia samaki, upimaji wa mabaki ya viuatilifu, na leo ipo Nyegezi Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Samaki. Mlaji wa Madrid alitaka kujua kilichomo ndani ya sangara wetu, na tukamjibu kwa cheti. Naona ni haki kabisa mlaji wa Kiseke ajibiwe hivyohivyo kuhusu sadini anayoletewa.

Chombo cha kulisimamia hilo kipo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019, kazi hiyo ilipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa Tanzania, TFDA. Tangu mwaka 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla hazijasafirishwa, na mzigo unaokubaliwa hupewa cheti. Utaratibu huo ndio mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu, kama jaribio la Uingereza lilivyoonyesha, kemikali hii huingia kiwandani, na kiwandani ndiko inakofaa kuzuiwa. Kulipima kopo likiwa Bandari ya Dar es Salaam kunakueleza tu kilichokwisha kutokea. Ningependa TBS na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wachukue tarehe zilezile za Ulaya za 2026 na 2028, bila kuongeza hata mwezi, ili kiwanda kinachouza pande zote mbili kikose sababu ya kutunza mtambo wa pili. Ningependa pia lebo iseme utando ni wa aina gani. Lebo inataja chumvi, nyanya, mafuta na jina la samaki, lakini kile kilichogusana na samaki kwa miaka miwili hakitajwi. California, tangu Mei 2016, wauzaji wanatakiwa kumwonya mnunuzi kuhusu bisfenoli A, na mwanzoni walifanya hivyo kwa bango lililobandikwa pale anapolipia. Bango si kitu cha gharama.

Tusisahau kwamba ukanda huu una njia zake za kuhifadhi chakula, na haziko makumbusho. Dagaa huanikwa au hukaangwa. Sangara hutiwa chumvi na kukaushwa kuwa kayabo, anayesafirishwa magunia kwa magunia hadi Kongo. Wasukuma wana michembe na matobolwa, viazi vitamu vinavyokaa msimu mzima bila friji wala bati. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga wana matatizo yao ya mchanga, mvua na vimelea, na ndiyo maana uanikaji kwenye vichanja umekuwa ukihimizwa mialoni. Lakini hayo ni matatizo tunayoyaona na tunaweza kuyarekebisha wenyewe, hapahapa Igombe na Kirumba. Dagaa safi wa kichanja, waliofungwa vizuri na kuuzwa kwenye duka lilelile la Kiseke kwa bei inayoshindana na kopo, wangepunguza makopo mezani haraka kuliko kanuni yoyote. Sioni kwa nini mtu anayeishi karibu hivi na ziwa akose kitoweo cha haraka kinachotoka humo.

Kwa mfanyabiashara wa jumla anayeagiza makopo, liko jambo la kufanya wiki hii. Viwanda vinavyouza Ulaya hulazimika kuwa na tamko la ulinganifu, karatasi ambamo mtengenezaji wa kopo anaeleza utando uliotumika na sheria uliyotimiza. Ukiagiza, iombe karatasi hiyo pamoja na ankara. Uliza waziwazi kama utando hauna bisfenoli A, na kama umebadilishwa, umewekwa upi badala yake. Kiwanda chenye jibu kitalituma kwa barua pepe siku hiyohiyo. Kisicho nalo, mzigo wake unaweza kusubiri.

Na nyumbani, samaki wa kopo akifunguliwa ahamishiwe bakulini na apashwe kwenye sufuria. Mchuzi wa mafuta, ambamo kemikali zinazopenda mafuta hujikusanya, umwagwe badala ya kumiminiwa kwenye ugali wa mtoto. Mjamzito na watoto wadogo wapunguziwe makopo kadiri inavyowezekana. Kwenye nyanya ni rahisi zaidi, maana fungu la nyanya mbivu halikosekani gengeni.